Mshale Uliofika Alama

Likizo nzima ya mwaka 1976 Tereza aliamka alfajiri, akanywa uji, akafuatana na mama yake, Coletha, kwenye kinu cha kuchambulia pamba mjini Shinyanga. Mama ndiye aliyeendesha kigari cha betri, kile kisicho na moshi wala kelele, kilichopeleka marobota ya pamba stesheni. Saa ya kupimia umeme ilikuwa nyuma, mahali dereva asipoweza kuiona. Tereza alisimama huko akiisoma.

Kazi hiyo ilimchosha roho. Mama alikuwa amechora alama kwenye kioo cha saa, karibu na katikati, kwa wino wa kuandikia marobota. Baada ya safari mbili tu mshale hufika pale, na kigari hurudishwa kuchajiwa. Marobota yaliyobaki yanasukumwa kwa mkokoteni, na wasukumaji ni nani? Tereza na mama yake, jua la utosi, huku karibu nusu ya umeme imekaa bure!

"Mayu, si umebaki mwingi?" alimuuliza mama yake kila siku.

"Nimekujibu mara ngapi? Huo si wa kutembelea," mama alisema.

Ijumaa alikuja Bwana Valerian, msimamizi wa kinu, amekunja uso. "Mama Tereza, behewa linafungwa saa tisa. Juzi ulichelewa. Ukichelewa tena, unarudi kufagia na kigari nampa mwingine."

Walipomaliza safari ya pili, yalibaki marobota manne. Mama aliuliza, "Mshale umefika kwenye alama?"

Ulikuwa umefika. Tereza aliutazama, akautazama na mkokoteni. Alikuwa ameuchoka mno.

"Bado, mayu. Uko mbali."

Mama akapakia yote manne. Kigari kilikwenda vizuri hadi karibu na soko, kikaanza kujikokota, kisha kikasimama kabisa. Mama akashuka, akaenda nyuma kutazama. Mshale ulikuwa umelala chini.

"Ulisema bado," alisema.

Bwana Valerian alifika kwa baiskeli, amefura. "Nilijua tu. Kuanzia kesho, ufagio."

"Shikamoo, baba," Tereza alisema. "Si kosa lake. Mimi nilimdanganya. Nilichoka kusukuma mkokoteni."

Msimamizi alishusha pumzi kwa kukereka. "Basi kaulete huo mkokoteni. Mbio."

Tereza na mama yake walisukuma robota mojamoja hadi stesheni, jasho likiwaingia machoni. La mwisho liliingia karani wa stesheni akiwa tayari ameshika mlango wa behewa ili aufunge.

"Kigari bado ni chako, Mama Tereza," alisema Bwana Valerian. "Lakini huyu mtoto!" Akaondoka akitikisa kichwa.

Ikabaki kukirudisha kigari kinuni kwa kukisukuma, nacho kilikuwa kizito kuliko mikokoteni mitatu.

"Betri haikombwi kama sufuria," mama alisema huku akihema. "Ukiimaliza kabisa, inaharibika ndani. Hata ukiichaji, inashika umeme kidogo na safari zinapungua. Ndiyo maana nikaweka alama. Lakini mimi sina macho kisogoni, Tereza. Niliondoka kinuni kwa neno lako."

"Nimekosa, mayu."

"Umekosa, ndiyo. Ukweli useme hata kama utakuchosha mikono, maana kuna mtu anautegemea. Sasa acha kulia, sukuma."