Mwamba wa Katikati ya Malewa

Maji ya mto Malewa yalikuwa yamebadilika rangi, na Jeruto aliliona hilo mapema. Asubuhi yalikuwa maangavu; sasa yalifanana na chai ya maziwa, majani mabichi yakielea juu. Huku bondeni jua liliwaka, lakini juu Kinangop, mto unakotokea, mvua ilikuwa imemwagika. Mwongoza wavuvi yeyote kama yeye angepiga kelele watu watoke mtoni. Ila mteja wake, mzee Pritam, mwenye duka la vipuri Nakuru, ndiyo kwanza alikuwa amempata samaki aina ya trauti, wa kahawia, mnene, mwenye madoa mekundu ubavuni, naye Jeruto akamruhusu arushe ndoano mara moja tu tena. Mara moja tu! Hiyo ndiyo iliyowaponza.

Mto ulifura ghafla. Mwamba wa katikati ya mto waliosimama juu yake ukawa kisiwa, na maji ya magotini waliyoyavuka wakija yakawa mkondo unaobingirisha magogo. Pritam alijaribu kushuka, akateleza, goti likagonga jiwe. Jeruto alimdaka kwa kola.

"Goti limeisha," mzee alisema, uso umemsawijika. "Wewe ogelea. Mimi niache."

"Hakuna mtu anaachwa hapa, mzee. Kaa chini."

Ng'ambo, mama mmoja aliyekuwa akilisha ng'ombe aliwakodolea macho. Jina lake lilikuwa Mugure.

"Mathe! Uko na kamba?" Jeruto alimwita mama huyo.

"Za ng'ombe!"

"Ziunganishe zote!"

Mugure aliziunganisha, akarusha, mkondo ukazivuta pembeni. Jeruto akaichukua fimbo ya kuvulia. Hapo sasa alikuwa nyumbani. Aliupeperusha uzi nyuma na mbele, akauachia, na ndoano ya manyoya ikanasa sweta ya Mugure begani. Mama akaifunga kamba kwenye uzi. Jeruto alipovuta, ncha nyembamba ya uzi ikakatika.

Maji yalishafika viatuni. Akaikata sehemu yote nyembamba, ukabaki uzi mnene, lakini ulihitaji uzito wa kuufikisha ng'ambo.

"Mzee, nipe samaki."

"Samaki wangu?"

"Unataka samaki ama unataka Nakuru?"

Jeruto akampitisha trauti uzi matamvuani, akamzungusha, akamtupa. Trauti akapaa juu ya mto, akatua nyasini. Mugure akaifunga kamba tena, na safari hii uzi ulistahimili; kamba ikaja, nzito, imelowa, nzuri kuliko chochote alichowahi kukivuta majini.

Alijifunga kiunoni pamoja na mzee. Mugure akazungusha ncha ya pili kwenye mgunga.

"Usipigane na maji," Jeruto alisema. "Yatatusukuma ukingoni yenyewe."

Wakajitosa. Kamba ilikaza mpaka mbavu zikalia. Maji yakawafunika, yakawatema, yakawafunika tena, naye hakuuachia mkanda wa mzee hadi magoti yake yalipogusa tope. Alipogeuka, mwamba haukuwepo.

Pritam alilia waziwazi bila haya. Jeruto, ambaye hakuwahi kumwonyesha mteja woga, alijilaza kwenye tope, akashika nyasi kwa mikono miwili, na hakujificha.

Mugure bado alikuwa ameing'ang'ania kamba, viganja vimechunika.

"Mathe, achilia sasa. Tumefika."

"Nimeiambia mikono," Mugure alijibu kwa sauti ndogo. "Inakataa."

Jeruto akaketi kando yake, akaanza kuvifungua vidole vyake, kimoja kimoja.