Rada ya Shemeji Leodegar

Jumamosi ya tarehe 11 Machi 1978, saa tisa na robo alasiri, shemeji yangu Leodegar aliwasha rada juu ya paa la nyumba yetu ya ghorofa, Mchafukoge, akakohoa kama anayetaka kuhutubia mkutano.

Huyu ni mtu wa Kibosho anayeuza vipuri vya redio Kariakoo. Hajui kuogelea. Lakini alikuwa na mashua ndogo ya tanga, na sasa alikuwa na rada ya kumwonyesha mvua baharini kabla haijamfikia. Kesho yake alitaka kumvusha dada yangu Elisaria, mjamzito wa miezi saba, hadi Unguja, ili watu wapate la kusema.

Rada yenyewe ilitolewa kwenye chombo kilichookotwa baharini bila mtu ndani. Sadalla, nahodha aliyemwajiri, alikataa kuigusa.

"Tajiri, kitu cha waliopotea husomewa dua kwanza. Wenyewe hawajaagwa."

"Rada haina dini, Sadalla. Wewe shika kamba zako."

Sadalla akashuka ngazi bila kuaga. Mimi, mwanafunzi wa fizikia Mlimani, niliwadharau wote wawili.

"Candida, msomi, njoo uone," shemeji akaniita. Akanieleza nisichohitaji kuelezwa: mvua huonekana kwenye kioo kama doa la kijani. Likisogea kushoto au kulia, litakupita. Likibaki kwenye mstari uleule huku likikaribia, linakujia wewe.

Doa lilikuwepo. Moja, dogo, upande wa bahari. Kwenye mstari uleule.

Nilitazama angani. Hapakuwa na wingu.

"Kifaa chako kibovu, shemeji."

"Ubovu uko machoni mwako."

Doa likafika bandarini. Likaingia nchi kavu, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Nikachungulia barabarani. Muuza karanga alivuta sinia lake kando. Wanawake wawili waliokuwa wakiongea wakaachana, wakaacha nafasi katikati. Hakuna aliyetazama alichokuwa anakipisha.

Leodegar akang'oa waya za betri. Kioo hakikuzimika.

Dada alikuwa kivulini, akichambua mchele. Akainua kichwa.

"Nani anapanda?" akanong'ona.

Nami nikasikia. Miguu mitupu. Imelowa. Polepole.

Doa likafika katikati ya kioo, pale tulipokuwa sisi. Likatulia.

Mlango wa paa ulikuwa wazi. Hakutokea mtu. Kwenye gauni la dada, juu ya tumbo, ikajitokeza alama ya kiganja. Mbichi. Ilinuka chumvi.

Bingwa wetu wa bahari alikuwa amejificha nyuma ya tangi la maji.

Asubuhi alikuwa anapiga mluzi, akiifunga rada kwenye gunia.

"Lile lilikuwa jasho," alisema. "Safari iko palepale. Mwambie dada yako ajiandae."

Nilifungua mlango wa ngazi. Nyayo za chumvi iliyokauka zilianzia mlango wa chini, zikapita mbele yangu, zikaishia kwenye chumba cha dada, huko huko juu kando ya paa. Zote zilikuwa zinapanda. Hakuna hata mmoja ulioshuka.

Nilimvalisha Elisaria viatu, nikachukua nauli ya basi la Moshi, nikamshika mkono. Nikamshusha kwa ngazi zile zile, nikimwambia kila hatua asitazame chini.