Waya Mfupi wa Siwema

Siku ya soko Mbinga, msimu wa kahawa, kila duka lina spika mlangoni na hakuna anayemsikia mwenzake. Katika makelele hayo Kilian, mpiga gitaa wa kwaya ya Mapera, shati limenyooka na viatu vimejaa vumbi, aliinama kwenye meza ya Siwema, fundi wa spika mwenye kitenge cha njano.

"Dada, gitaa langu linaunguruma."

"Gitaa halina kosa, kaka. Lete waya."

Akaupasua palepale. "Muziki unapita kwenye huu uzi wa katikati. Hizi nyuzi za shaba zilizosukwa kuuzunguka ndizo zinazozuia kelele za umeme. Zako zimekatika."

Akamsukia mwingine, mfupi. Kilian alipouchomeka, kila uzi wa gitaa ulisikika peke yake, safi kama maji ya mtoni asubuhi. Binti ana mikono, nakwambia. Kijana alisahau hata kuaga.

Tangu hapo simu hazikukatika.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula mbasa, samaki wa ziwani kwetu. Wewe endelea na maharage yako ya milimani."

Mapenzi yakakomaa hadi Siwema akasema wazi: "Njoo kwetu Kihagara, kule ziwani, upige kanisani kwenye sikukuu ya mavuno. Mama ana sikio kali. Akikukubali, lete posa. Akikukataa, sitabishana naye."

"Basi nirefushie waya, mpenzi, huu hautanifikisha karibu naye."

"Hapana. Ukirefuka mno, sauti nyembamba zinafifia."

Ukaidi wa mwanamume! Nyumbani Kilian akauunga kwa waya wa kawaida wa taa, akazungushia utepe mweusi.

Siku ya mavuno kanisani, mbele ya Mama Albina, mama yake Siwema, spika ikanguruma wimbo mzima. Mama akajishika masikio, akatoka nje. Kilian alikimbilia pikipiki bila hata waya wake, na alipofika njiani akapiga simu.

"Waya wako umeniaibisha, Siwema. Ulitaka nishindwe?"

Siwema akakata simu, akalia. Kisha akauokota ule waya, akauona utepe. Akapiga yeye.

"Kilian, nani kauunga?"

"Mimi. Kwetu mzee hapigiwi kwa mbali, anafuatwa alipokaa. Nilitaka nimfikie mama."

Siwema akacheka, machozi bado mashavuni. "Mpenzi, waya wa taa hauna ile shaba ya kusukwa. Kelele zote zimeingilia hapo."

"Nisamehe. Nimekusingizia, na kazi yako naihusudu."

"Rudi Jumapili."

Jumapili akarudi, shati lilelile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na leo utanguruma?"

Siwema alikuwa amekikata kile kipande cha taa. Waya ulikuwa mfupi vilevile. Siwema akakibeba kiti cha mama yake, akakiweka hatua chache kutoka kwa Kilian. Mama Albina akamtazama binti, akamtazama kijana, akainuka na kusogea.

Kilian akapiga. Sauti za juu zilitoka nyembamba na kamili, na za chini zikatulia chini yake. Wimbo ulipokwisha, spika haikutoa hata pumzi, mawimbi ya ziwa yakasikika dirishani.

"Mlete mshenga," Mama Albina akasema.

"Mama, mshenga wangu ni mzee, na Mapera ni mbali."

"Mimi si nimesogea? Na yeye ateremke."