Mguu Juu ya Breki

Mama Kadzo, muuza chai wa Magongo, ndiye aliyemkuta. Jumatatu, tarehe sita Julai 1998, saa moja na dakika kumi asubuhi, aliingia na birika katika gereji ya Sheikhan kule Changamwe, akamwona fundi Mbarak amebanwa baina ya pua ya gari la mashindano na ukuta. Boneti ilikuwa wazi, injini imejizima, ufunguo haujarudishwa mahali pa kuzima. Birika likamponyoka.

Inspekta Fondo Lewa alifika saa mbili kasorobo pamoja na Konstebo Nafula. Alipolitambua gari, alijua kwamba kesi ile ilimfaa mtu mwingine. Dereva wake alikuwa Abdillahi. Mwaka 1989 Fondo ndiye aliyekaa ubavuni mwa Abdillahi kumsomea kona katika mbio za pwani. Pale penye kona ya kushoto alisema kulia. Gari likapinduka, goti la kushoto la Abdillahi likasagika. Watu walilaumu vumbi, na Fondo akawaacha walaumu vumbi. Angeweza kumpigia simu mkubwa wake aikabidhi kesi kwa mwingine. Hakupiga. Alijiambia kwamba alau safari hii atamtendea haki.

"Ulisikia nini?" alimuuliza Mama Kadzo.

"Saa kumi na mbili u nusu, mwanangu, nikiwasha jiko pale ng'ambo. Lilinguruma mara moja, likagonga, likanyamaza. Nikasema ndio kazi zao."

Saa mbili na robo dereva wa pili, Ngowa, kijana mrefu wa Mishomoroni, alikuja mwenyewe mbele ya Fondo.

"Nifunge, afande. Mimi ndiye niliyemuua."

"Kivipi?"

"Gari hili lilikuwa na mkono wa gia kama magari yote. Miezi mitatu iliyopita wakang'oa mkono na klachi, wakatia vijiti viwili nyuma ya usukani. Cha kulia wapandisha gia, cha kushoto washusha. Mimi sivipendi, wala sijaliendesha tangu hapo. Mkono wa gia waushika, wajua gari limo kwenye gia au halimo. Vijiti havikwambii kitu. Jana jioni niliingiza mkono dirishani, nikavichezea kwa dharau. Lazima nililiacha kwenye gia. Asubuhi Mbarak amebonyeza kile kitufe cha kuwashia kilichoko ndani ya boneti, likamrukia."

Abdillahi, mtu mfupi, aliyefika muda si mrefu akichechemea, aliketi juu ya tairi. "Ajali, Fondo," alisema taratibu. "Kijana hakukusudia. Kadari ya Mungu."

Ilikuwa rahisi kukubali. Fondo aliitaka sana iwe hivyo, na hilo ndilo lililomtia shaka.

Mwili ulipokwisha kuondolewa, walilisukuma gari nyuma, wakazuia magurudumu kwa mawe. Fondo akainama mbele ya boneti, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Nafula, ingia. Usiguse kiti. Kanyaga breki."

Nafula, mwanamke mfupi, aliingia, mguu ukafika bila taabu. Fondo akabonyeza. Injini ikaitika papo hapo.

"Toa mguu, uzime." Akamgeukia Ngowa. "Haliwaki mpaka mtu akanyage breki. Ulijua hilo?"

"Wallahi sikujua."

"Sasa ingia wewe."

Ngowa alijaribu. Magoti yaligota usukani, hakuweza hata kuufunga mlango.

"Basi asubuhi kulikuwa na mtu kitini," Fondo alisema, "na hakuwa wewe. Toka, ndugu yangu. Hukumuua mtu."

Ngowa alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti.

Katika daftari la kazi la Mbarak, ukurasa wa siku ile, palikuwa na mstari mmoja: *Rudisha mkono na klachi. Vumbi laua vijiti. Mbio za Agosti ataendesha Ngowa.* Fondo aliusoma mara mbili. Dereva mmoja tu wa gereji ile alikuwa hawezi kukanyaga klachi kwa mguu wa kushoto.

Alimpeleka Abdillahi ofisini, Nafula akaketi na karatasi.

"Kaka Abdillahi. Ulikuja saa ngapi?"

"Saa mbili u nusu."

"Ulikuwako saa kumi na mbili u nusu. Mbarak alikwambia nini?"

Abdillahi alilikandakanda goti lake.

"Aliniomba niketi, nimkanyagie breki apime injini kwa mara ya mwisho. Akiwa ameinama akasema, leo navitoa vile vijiti, usinikasirikie. Nikamwambia, miaka tisa nimeketi, nimerudi miezi mitatu tu. Akasema, goti ni goti. Nataka niseme mguu uliteleza. Lakini kijiti hakijivuti. Nilikivuta."

"Na Ngowa? Ungemwacha akafungwe?"

"Aliposema ni yeye, nilishukuru. Hilo lanichoma kuliko jengine."

Fondo aliinamisha kichwa. Maneno yalimtoka kabla hajayapanga.

"Ile kona ya mwaka themanini na tisa. Iliandikwa kushoto. Mimi nilikusomea kulia. Vumbi halikuhusika."

Abdillahi alimtazama kana kwamba amesikia lugha ngeni.

"Mimi nilijua ni mikono yangu," alisema hatimaye. "Nilijua ulisema kushoto, nami nikakata kulia kama mwehu. Kila nikilala naikata ile kona. Ndiyo maana nililitaka gari lile, Fondo, si kwa kikombe. Nilitaka kujua kama mikono yangu ni mizima." Sauti ikapanda. "Mbona hukuniambia? Ningekukasirikia mwaka mmoja, nikatafuta kazi nyengine, nikazeeka. Na Mbarak angekuwa pale anakunywa chai!"

Fondo alisimama, akamwashiria Nafula.

"Andika maelezo yake, kisha mpigie Inspekta mwingine aje aipokee kesi. Halafu uandike na yangu."

Nafula aliinua kalamu. "Yako kwa kosa gani, afande?"

Fondo alitafuta kichwani mwake kifungu cha sheria cha kosa la kunyamaza, asikione.

"Andika tu," alisema.