Picha Mama Haikatwi

Asubuhi hiyo nilikuwa napiga pasi, na mjukuu wangu wa kike ameitandaza kazi yake juu ya meza ya kulia kama muuza samaki. Kompyuta, simu, nyaya, flashi.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "hiyo meza ni ya chakula."

"Na hiki ndicho kinacholeta chakula, bibi."

Mdomo huo kaurithi kwangu, kwa hiyo nikaendelea na pasi yangu.

Kazi yake ni kupanga picha za kiwanda cha mbao kilicho nyuma ya ukuta wetu. Zilikuwa zimezagaa, nyingine kwenye simu za watu, nyingine hazijulikani hata za nani. Yeye anazikusanya mahali pamoja, anazipa majina, anazipunguza zienee kwenye tovuti ya kampuni, kisha anawagawia mawakala wa mauzo. Shule mimi niliiacha njiani, lakini kupanga vitu naelewa. Ni kama kabati la vyombo, ila vyombo havikutazami.

Upande wa pili wa ukuta yuko kaka yake. Huyo namwita mume wangu, maana niliyeolewa naye alishajifia, na huyu ana adabu zaidi. Husukuma magogo kwenye msumeno mkubwa. Kutwa nzima tunausikia ukiimba. Nimeuzoea mpaka ukinyamaza ndipo nashtuka.

Fundi wa picha aliyepiga nyingi kati ya zile alishakufa. Meneja, ambaye wafanyakazi humwita Twiga kwa urefu wake, alimwamuru asogee karibu na rundo la magogo ili picha ipendeze. Mnyororo ukakatika. Magogo yakambiringikia. Waliyemzika hakuwa na umbo la mtu, walimkusanya kwenye turubai. Kamera haikupata hata mkwaruzo.

Fundi yule alimwachia mjukuu wangu sheria moja. Picha aliyoipiga kwa mkono wake, ile yenye alama yake pembeni, ndiyo mama. Mama haikatwi. Unatoa nakala, unakata nakala.

Sasa siku hiyo Twiga akapiga simu, sauti inafika mpaka kwenye pasi.

"Hizo alama za marehemu ziondoke zote. Marehemu hauzi mbao. Nina wageni hapa, nikishawapitisha kwenye mashine wanataka kuiona tovuti."

"Nitoe nakala kwanza, bosi?"

"Nakala za nini? Kata hizo hizo!"

Akakata hizo hizo.

Ya kwanza ilikuwa ya nyapara ameshika ubao. Alama ilikaa kwenye kona, juu ya vidole vyake. Kona ikaondoka, na vidole vikaondoka nayo. Ya pili ni ya mama wa rangi, yule anayepaka mbao, alama iko karibu na sikio; sikio likaenda nayo. Ya tatu ilikuwa ya wafanyakazi wote, Twiga katikati akiwazidi wenzake kwa kichwa kizima, na mume wangu mwisho wa mstari. Alama ilisimama wima pembeni yake. Mjukuu wangu akashusha mstari mmoja, akahifadhi. Bega na mkono wa kaka yake vikabaki nje.

"Umemfanya kilema," nikasema, nikacheka.

Nilikuwa bado nacheka tuliposikia yowe la kwanza.

Jirani yetu, mke wa mlinzi wa geti, akaingia bila hodi, mikono kichwani. Nyapara kaliwa vidole na mashine ya randa. Vyote vinne vimekatika sambamba, kama vimepigiwa rula. Hajamaliza kusema, yowe la pili. Sauti ya mwanamke. Jirani akachungulia dirishani, akamuuliza mtu aliyekuwa anakimbia. Mlango wa chuma wa chumba cha rangi umejifunga kwa kishindo, na upepo hakuna. Sikio la mama wa rangi limebaki upande wa pili wa mlango.

Mjukuu wangu akaifungua picha ya nyapara. Akaweka kidole kwenye kioo, pale ilipoishia.

Kisha akanong'ona, "Bibi. Ya tatu ni kaka."

Simu za mafundi huachwa getini. Nikamsukuma jirani nje, "Kimbia, mwambie atoke pale!" Nikapanda juu ya ndoo uani, nikaita juu ya ukuta mpaka koo likachubuka. Nani atasikia? Msumeno unaimba.

Nikarudi ndani. "Irudishe!"

"Nimeshaihifadhi, ile nzima haipo tena." Akaikamata simu. "Ila kuna wakala nilimtumia asubuhi, kabla sijaikata."

Akampigia. Yule wakala anatafuna kitu, hana habari.

"Ipo, dada. Ila mimi niliipunguza juu, nipate pa kuandika tangazo. Ile nzima niliifuta."

"Tuma hiyo hiyo! Sasa hivi!"

Ikaingia. Mume wangu huyu hapa, mzima, na mkono wake, na alama pembeni yake. Lakini juu, wakala alikata bila kujali nani mrefu nani mfupi. Twiga aliishia kwenye nyusi.

Mjukuu wangu alikuwa analia bila sauti. "Naweza kuziunga hizi mbili. Kichwa kutoka huku, mkono kutoka huku. Nipe muda kidogo, bibi. Kidogo tu."

Nyuma ya ukuta, msumeno ukabadili sauti.

Nimeusikia ukila mti mgumu. Nimeusikia ukila mti mbichi, ukigonga msumari uliosahauliwa ndani ya gogo. Huu haukuwa mti. Ilikuwa sauti ya chini. Yenye majimaji.

"Bandika," nikasema.

"Bibi, Twiga je?"

"Bandika!"

Akaiweka mahali pa picha mama.

Kishindo kikatikisa vikombe kabatini. Halafu kimya.

Tulipofika getini mlinzi hakutuzuia. Alikuwa ameinama, anatapika. Mume wangu alikuwa bado amesimama. Kipande cha msumeno kimezama begani mwake na kugota hapo, kama kimekuta jiwe. Damu imejaa kiatu. Kipande kingine kiliruka. Twiga alilala chali katikati ya wageni wake. Miwani ilikuwa bado puani. Juu ya miwani hapakuwa na kitu. Ubongo ulikuwa kwenye shati la mgeni mmoja, naye anaupangusa kwa leso taratibu, anaupangusa, kama mtu aliyemwagikiwa chai.

Tuliporudi, mjukuu wangu aliziunga zile picha mbili. Kichwa kikakaa vizuri kabisa. Twiga hakuamka.

Kiwandani wanasema ni kutu. Waseme. Mjane wa Twiga hunisalimu tukikutana njiani, nami huitikia. Nikiulizwa tena leo, neno langu ni lile lile: bandika.

Mume wangu alipona. Mkono unabeba ndoo, na yeye ananichokoza kama zamani. Ila kovu lake limenyooka kutoka begani mpaka kwenye nyonga, na msumeno haukufika hata kwapani. Daktari aliyemshona alilitazama kovu lile, akamtazama yeye, akaita mgonjwa mwingine.

Alipokwenda kupigwa picha ya kitambulisho, wakamkalisha katikati. Picha ikaishia kwenye kovu. Wakasogeza kiti, wakabadili kamera. Ikaishia pale pale. Kuvuka kovu hakuna mkono, hakuna kiti, hakuna ukuta. Ni weupe mtupu. Hata kikamera cha simu yangu hii ya tochi kinatoa hivyo hivyo.

Jumapili iliyopita mkewe wa ndoa alimpiga picha akiwa amempakata mtoto wao mchanga. Hakuna aliyemwambia asimpakate upande ule, ng'ambo ya kovu.