Sifuri Kumi na Nne

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Sekunde alizitia saa za babu yake ufunguo. Zilikuwa kumi na tisa, nyingine ukutani, nyingine rafuni, na hakuna mbili zilizokubaliana. Nyingi ziliachwa na wateja waliohama, waliofariki au waliosahau tu. Babu alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini, mpaka macho yake yaliposhindwa kuona skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Ndiye aliyempa mjukuu wake jina hilo la utani, kwa kuwa alizaliwa mdogo na mwenye haraka.

Walikuwa wawili tu katika nyumba hiyo. Bibi alifariki mwaka uliopita. Mama alifanya kazi mji wa mbali, naye alipiga simu kila Jumapili. Aliuliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, naye Sekunde alimjibu kwamba kila kitu ni kizuri.

Kitu kimoja hakikuwa kizuri. Babu hakuwa akipata usingizi. Aliingia kitandani saa tatu, na kufikia saa saba usiku alikuwa macho, akizisikiliza saa zake zikibishana hadi alfajiri.

Daktari wa zahanati, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimpa kazi kabla ya kumpa dawa. Kwa wiki mbili yaandikwe daftarini, siku baada ya siku, muda aliolala usiku na muda aliolala mchana. Kwa kuwa Babu hakuona mistari ya daftari, kalamu ilikabidhiwa Sekunde. Habari za usiku angeambiwa asubuhi. Za mchana angezishuhudia mwenyewe, maana shule ilifungwa saa nane.

"Andika unachokiona," daktari alimwambia. "Usichokiona, acha wazi."

Tatizo ni kwamba Sekunde hakuwa akirudi nyumbani saa nane. Alikuwa amemwambia Babu kwamba kuna masomo ya ziada, hata mwishoni mwa wiki. Kwa kweli alikuwa akienda kwa rafiki yake, binti wa fundi cherehani, katika nyumba yenye watu wanane, redio moja na mabishano yasiyoisha kuhusu nani amekalia kiti cha nani. Huko aliokoteshwa vipande vya vitambaa kama watoto wengine na kukaripiwa kama watoto wengine, na hilo hasa ndilo alilolifuata. Kwao hakukuwa na wa kumkaripia. Kulikuwa na mzee aliyechoka, na ukimya uliokatwakatwa vipande vidogo vidogo na saa kumi na tisa.

Siku ya kwanza ya daftari alirudi saa kumi na mbili kasoro. Alimkuta Babu kwenye kiti cha dirishani, miwani imempanda kwenye paji la uso, chai yake imepoa na kufanya utando. Shavu lake la kushoto lilikuwa na alama za kitambaa cha kufumwa kilichofunika kiti hicho.

"Umelala, Babu?"

"Nilale? Nilifumba macho tu, nikiwaza."

"Ulikuwa unawaza nini?"

"Nimesahau."

Sekunde akaandika sifuri. Siku ya pili aliziona alama zile zile na akaandika sifuri nyingine bila kuuliza. Kufikia siku ya tano, sifuri ya mchana aliiandika asubuhi, ili kujipunguzia kazi.

Katika wiki ya pili alikuja Bwana Vichupa, muuzaji mwenye kibanda nyuma ya ukumbi wa mazoezi ya viungo, ambaye kwa kila maradhi alikuwa na kichupa. Kwa Babu alileta vitatu vya peptidi. Alieleza kwamba peptidi ni minyororo mifupi ya vitu vinavyojenga protini, kwamba mwili huitumia kupelekeana habari, na kwamba mtu akizeeka habari za usingizi hupungua. Sindano moja ya tumboni kila jioni, na mzee wa miaka sabini na sita angelala kama mtoto mchanga. Babu alikuwa amelea watoto watatu, hivyo alipaswa kukumbuka jinsi watoto wachanga wanavyolala. Hakukumbuka. Mtu aliyekesha mwaka mzima hana nguvu ya kuhoji.

Vichupa viliwekwa ndani ya friji, karibu na maziwa. Babu alisema angewasikiliza kwanza watu wa zahanati, na wakiwa hawana jipya angeanza sindano jioni hiyo hiyo.

"Usiku wa nyumba hii ni mrefu mno kwa mtu mmoja," alisema. Sekunde, ambaye chumba chake kilikuwa cha pili kutoka hapo, alifunga mlango wa friji.

Siku ya kumi na tano walikwenda zahanati, vichupa vimeviringishwa katika kitambaa chenye maji ili visipate joto. Daktari alimwamkia Babu, akafungua daftari na kusoma kwa sauti. Usiku, jumla ya saa nne, saa tatu na nusu, saa nne. Mchana, sifuri, sifuri, sifuri.

"Mzee, siku kumi na nne hujasinzia mchana hata dakika moja?"

"Hata moja. Mimi si mtu wa kulala mchana."

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema kwamba ikiwa ndivyo, tatizo limemzidi kimo. Ingebidi Babu apelekwe hospitali kubwa, na foleni ya huko ni ya miezi. Babu alijibu kwamba miezi hana, akavipanga vichupa vyake mezani.

Daktari alivitazama kwenye mwanga, kimoja kimoja. Havikuwa na jina la mtengenezaji wala tarehe ya kuisha muda. Hakucheka. Alieleza kwamba peptidi ni kitu cha kweli. Insulini ya wagonjwa wa kisukari ni ya jamii hiyo, nayo imepimwa kwa miaka mingi. Hizi za usingizi bado zinachunguzwa, na ushahidi kwamba zinawafaa wazee bila kuwadhuru haujatosha. Na hata kama ungetosha kesho, hakuna anayejua kama ndani ya vichupa hivi mna peptidi au maji ya bomba.

"Aliyeniuzia anasema yuko mteja wake aliyepona," Babu alisema.

"Anaitwa nani?"

"Hakumtaja."

"Basi tuna mgonjwa asiye na jina na dawa isiyo na jina."

"Mwanangu, nimekuelewa. Lakini daftari umelisoma. Usiku silali, mchana silali. Leo jioni nitajichoma."

Akaanza kuvifunga tena. Vidole vilivyowahi kushika magurudumu ya saa bila kuyatikisa vilikikosa kichupa kimoja, kikabingirika hadi mbele ya Sekunde. Alikiokota. Kilikuwa chepesi sana. Akinyamaza, hakuna ambaye angejua lolote, na jioni kitu hiki kingeingia mwilini mwa mtu pekee aliyekuwa akiishi naye.

"Zile sifuri nimezitunga," alisema.

Alieleza yote: masomo ya ziada yasiyokuwepo, nyumba ya fundi cherehani, alama za shavuni, sifuri zilizoandikwa kabla ya mchana kufika.

"Alama hizo ulizikuta mara ngapi?" daktari aliuliza.

"Kila siku."

"Basi, mzee, huenda unalala kiasi cha saa saba kwa siku, kama wazee wengi wa umri wako. Tatu kati yake unazimaliza kwenye kiti."

Babu alianza kusema kwamba alifumba macho tu, akaacha katikati. "Mchana hakuna wa kuzungumza naye," alisema. "Mtu akikaa bila neno, kichwa kinaanguka chenyewe."

Daktari aliagiza kiti cha dirishani kiachwe baada ya chakula cha mchana, Babu atembee kabla ya jua kutua, aamke saa ile ile kila siku, na daftari lianze upya, safari hii kwa mwezi mzima. Vichupa vilibaki zahanati.

Njiani Babu alitaka wapumzike, wakaketi kwenye ukuta mfupi.

"Saa iliyosimama haimdanganyi mtu, maana inaonekana imesimama," alisema. "Iliyowakosesha wateja wangu safari ni ile inayotembea vizuri huku imechelewa dakika ishirini. Ungeacha ukurasa mtupu, daktari angejua kwamba hajui. Wewe ulimpa sifuri, akaiamini, nami nikakaribia kujichoma nisichokijua. Usichokiona, usikiandike. Na ukishakosea, sema mapema kama leo, au mapema zaidi." Akavua miwani, akaifuta. "Hata mimi nilidanganya. Alama za shavuni nilizipapasa kwa vidole vyangu."

Baadaye akauliza kwa nini hakusema tu kwamba anakwenda kwa fundi cherehani.

"Nyumbani kuko kimya, Babu."

"Najua. Na mimi nakaa humo humo."

Tangu siku hiyo Sekunde alirudi saa nane, isipokuwa Ijumaa, ambayo Babu alimruhusu akakaripiwe. Alasiri walizifungua saa za Babu, moja baada ya nyingine, na kuzirekebisha. Yeye alikuwa macho ya Babu, naye Babu alitoa maelekezo: "Kulia. Kulia kwako, si kwangu." Jumapili moja alimwambia Mama kwamba si kila kitu ni kizuri. Mama akauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza: ni kipi kisicho kizuri?

Mwezi ulipokwisha, saa sita kati ya kumi na tisa zilikubaliana, na Babu alikuwa akilala usiku saa tano na nusu. Hakulala kama mtoto mchanga. Alilala kama mzee wa miaka sabini na sita.

Alasiri ya mwisho ya daftari, Sekunde alipoinua macho kutoka kwenye skrubu, miwani ya Babu ilikuwa imepanda kwenye paji la uso. Alitazama saa, akasubiri. Babu alipozinduka, alimkuta anaandika.

"Nilifumba macho tu," Babu alisema.

"Dakika kumi, Babu."

Babu alifikiri. "Andika kumi na moja," alisema. "Uliniona nikiwa nimeshaanza."

"Ya kumi na moja sikuiona," Sekunde alisema, akaiacha kumi kama ilivyo.