Kidato cha Tatu

Fundi alirudi kutoka kazini alasiri moja, jua kali, mvua haijanyesha mwezi mzima, akakuta kidato cha tatu cha ngazi ya mlangoni kwake kimelowa na kinanuka saruji mbichi. Ngazi ile ilikuwa na miaka sita. Akainama akabonyeza kwa kidole gumba, kama alivyozoea kwenye kazi za watu, na kidole kikarudi kikavu. Ila ile harufu haikumwachia, akaingia nayo ndani.

Tuseme ukweli, hata kama unamwaibisha. Kazi ya mtu huyu ilikuwa kujenga na kubadilisha ngazi za zege, na nusu ya mji ilipanda na kushuka kwa jasho lake: zahanati, duka la dawa, nyumba za wenye nacho. Lakini kinyozi hajinyoi. Ngazi ya kwake, vidato vitano tu, aliipiga kwa haraka. Ubao wa kuzuilia zege pale kwenye kidato cha tatu ulikuwa mpana kuliko wenzake, naye akaona uvivu kuukata. Kidato kikatoka kirefu kwa vidole viwili. Ukiviona mezani utasema vidole viwili si kitu, lakini mguu hauna macho, unakwenda kwa mazoea. Kila mgeni alijikwaa palepale. Wenyewe waliinua mguu bila kufikiri. Hodi haikuwa na kazi katika nyumba ile: wakisikia kiatu kimegonga zege, wanajua ni mgeni.

Aliyelifurahia kosa lile kuliko wote ni binti yao wa pekee, waliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na miaka minane, darasa la pili. Akirudi shule huinua goti juu kama askari wa gwaride, akatua kwa kishindo na kutangaza, "Mama, nimefika kidato cha tatu!" Baba yake akiwepo humuuliza mtihani wa darasa la saba aliufanya lini. Wakacheka wote watatu, kila siku, mzaha uleule.

Homa ilimmaliza kwa siku nne. Aliteremshwa ngazi ile mgongoni mwa baba yake, na hakuipanda tena.

Watu walikuja, wakalia nao, wakaondoka. Wakabaki wawili wasiojua sasa waitane vipi, wakaendelea kuitana Baba Chiriku na Mama Chiriku, na kila wakiitana jina linawachoma. Mama Chiriku akashika tabia. Saa tisa alasiri, saa ya watoto kutoka shule, husimama mlangoni akamwita mwanawe mara moja tu, kwa sauti ya kumwambia mtoto chakula kinapoa. Mumewe alijua na hakumkataza. Angeanzia wapi? Hata yeye, saa hiyo ikimkuta kazini, huweka chini mwiko wake wa saruji.

Alasiri ile ya harufu alimkuta mkewe amechana nywele, ameandaa sahani tatu.

"Ameitika," mkewe akasema. "Nimemwita, akaniambia abee."

Kesho yake fundi hakwenda kazini. Wakakaa nyuma ya mlango uliofungwa, yeye kwenye kiti, mkewe sakafuni. Saa tisa mkewe akaita. Kuku wa jirani wakanyamaza, kisha ile harufu ya saruji mbichi ikapenya chini ya mlango, ikajaza chumba mpaka fundi akaionja kooni, na ndani ya harufu ile ikaitika sauti ya mtoto, abee mama, na nyayo zikaanza kupanda, kidato cha kwanza, kidato cha pili, taratibu, za miguu mitupu, na fundi, Mungu amsamehe, moyo ulimruka kwa furaha, akawa ameshanyanyuka nusu akafungue, mkono umefika kwenye komeo, ndipo kidole cha mguu kikagonga zege kule nje. Kilichokuwa kinapanda kilijikwaa.

Fundi akarudi kitini.

"Mama Chiriku," akanong'ona, "huyo ni mgeni."

"Ni mwanangu."

"Amejikwaa. Mwanetu hajajikwaa pale tangu ana miaka miwili."

"Amekaa mbali siku nyingi," mkewe akasema. "Kasahau. Mtoto akisahau kwao, ndiyo unamfungia mlango?"



Wiki mbili zikapita. Kile kitu kilijikwaa kila siku, lakini kila siku kilijikwaa kikaendelea, mpaka kikafika kidato cha nne na kupumua pale. Mama Chiriku hakula tena. Visigino vyake viligeuka rangi ya kijivu, vikapasukapasuka kama lipu mbovu. Akivisugua kijivu kinatoka, asubuhi kimerudi, kimepanda mpaka kwenye mashavu ya miguu. Fundi alimshika mguu akaukuta mgumu, wa baridi, na mkewe hakuhisi mkono wake. Ndipo alipoelewa kwamba anafiwa mara ya pili, na safari hii anatazama.

Kwenye duka analonunua saruji palikuwa na muuza rangi, mzee wa utani mwingi, aliyejulikana kuwa na mkono wa kupunga majini, ingawa mwenyewe alisema kazi yake ni rangi, hayo mengine ni matone tu. Fundi alipomaliza kueleza, mzee hakuwa na utani wowote mdomoni.

"Anayemwita maiti mlangoni huitikiwa na asiyemwita," akasema. "Limejikalia kwenye lile kosa lako. Mahali palipokosewa kwao ni mlango. Vunja ngazi yote, usibakize hata bonge. Piga nyingine, vidato sawasawa, tofauti ya unywele isiwepo. Na mkeo asiite tena. Likifika cha tano naye akafungua, utazika."

Alivunja asubuhi, kwa nyundo na mtaimbo. Mkewe alijifungia chumbani, na kwa kila pigo alilia kana kwamba anapigwa yeye. Kidato cha tatu kilitoka bonge zima. Fundi akalipindua. Upande wa chini, uliolalia udongo miaka yote sita, palikuwa na nyayo zimezama ndani ya zege, unyayo juu ya unyayo, kubwa kuliko zake, zenye vidole virefu kama vya mkono, za kitu kilichokuwa kimesimama kichwa chini miguu juu, chini ya mlango wao, kikisubiri kuitwa.

Akamwita mkewe aje aone. Alikuja akijikokota, akatazama, akaweka kiganja chake ndani ya unyayo mmoja, kikapotea.

"Si wa mwanangu," akasema. Akalia vilio viwili kwa pamoja, cha kwanza na hiki cha pili. Hakuita tena.

Kifusi kilitupwa mbali, kwenye shimo la machimbo ya kale, muuza rangi akikisomea. Ngazi mpya ikawa kazi safi kuliko zote alizowahi kupiga fundi: kila kidato inchi sita na nusu, pimamaji likiwekwa halitikisiki. Aliimwagilia siku saba ikomae. Mama Chiriku akala, visigino vikarudi kuwa visigino. Muuza rangi akapanda na kushuka mara tatu, akasema kwisha kazi, na utani wake ukarudi.

Siku ya nane, alasiri, walikuwa mezani. Hakuna aliyeita. Hapakuwa na harufu ya saruji, na kuku wa jirani waliendelea na kelele zao. Nyayo zikapanda, kidato cha kwanza, kidato cha pili, harakaharaka, za viatu vya shule. Kisha zikatulia kidogo, kama goti linainuliwa. Halafu mguu ukashuka kwa kishindo, ukitafuta zege juu na kulikuta chini.

Wakasubiri atangaze. Hakutangaza. Nyayo zikageuka, zikashuka polepole, kama mtu aliyekosea nyumba akaona haya, zikapotelea njiani.

"Amejikwaa?" mkewe akauliza, kwa sauti ambayo haikusikika vizuri.

"Hapana. Ameinua mguu."

Duniani walikuwepo watu watatu tu waliojua kuinua mguu pale, na wawili walikuwa mezani.

"Kaona si kwao," mkewe akasema.

Fundi alikumbuka maneno ya muuza rangi, neno kwa neno. Alijua pia kwamba kitu kilichojikwaa wiki mbili kinaweza kujifunza. Akakaa na yote hayo muda mrefu. Kisha akainuka, akatoka uani, akachukua nusu mfuko wa saruji iliyobaki, akapita mbele, akapiga magoti. Akavilaza vidole vyake viwili juu ya kidato cha tatu, akachora mstari kwa penseli.

Mama Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama. Akaenda kuchota maji.